Mawe ya Yordani na Midomo ya Wazee

Masomo: Yoshua 4:1-7, Kumbukumbu la Torati 26:5-9, Mathayo 1:1-17



Kila mwaka, mara baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, huja siku ya kuwaombea Marehemu Wote. Kila nyumba huleta karatasi yenye majina ya marehemu wake, na Padre huyasoma mbele ya madhabahu. Atakayezitazama karatasi hizo kwa makini ataona jambo. Karatasi ya mzee huwa ndefu: majina kumi, kumi na mawili, na pengine pembeni ameandika mahali kila mmoja alipozikwa. Karatasi ya kijana huwa fupi: jina la baba, jina la mama, labda ndugu aliyefariki karibuni, kisha mstari mmoja wa mwisho, "babu, bibi na ukoo wote." Mwenyezi Mungu anawajua hao "ukoo wote" jina kwa jina, wala hapotewi na mtu hata mmoja. Tunaopotewa ni sisi. Juu ya upotevu huo nataka tutafakari pamoja mwezi huu.

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya nne, twasoma kwamba wana wa Israeli walipokwisha kuvuka mto Yordani, Bwana alimwagiza Yoshua achague watu 12, mmoja kwa kila kabila. Kila mmoja aliokota jiwe katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama, akalichukua begani mpaka kambini. Mawe hayo yakasimamishwa Gilgali, ili siku moja mtoto ayaone, aulize maana yake, na mzazi amjibu.

Litazameni agizo hili vizuri. Mungu hakuagiza mawe yaandikwe maneno. Hakuagiza yachongwe wala yapambwe. Yalikuwa mawe ya mtoni tu, kama yale tunayoyaona mito yetu inapokauka wakati wa kiangazi. Kazi ya jiwe ilikuwa kumfanya mtoto aulize. Kujibu haikuwa kazi ya jiwe, ilikuwa kazi ya mzazi. Kwa hiyo agizo lile lilisimama juu ya mafiga matatu: jiwe liwepo, mtoto aulize, mzazi ajibu. Nanyi akina mama mwajua chungu kinavyokuwa juu ya mafiga mawili.

Sasa fungueni kitabu kinachofuata, Waamuzi, sura ya pili, aya ya kumi. Tumepiga kurasa chache tu, na tayari twaambiwa kwamba kizazi kile cha Yoshua kilikwisha kufa, kikainuka kizazi kingine kisichomjua Bwana wala mambo aliyowatendea Israeli. Je, ni nani aliyeyaondoa mawe ya Gilgali? Biblia haisemi kwamba yaliondolewa. Figa la jiwe halikuwa ndilo lililoanguka. Kilichokosekana ni mtoto mwenye kuuliza na mzazi mwenye kujibu.

Ndugu zangu, sisi wa Dayosisi ya Masasi mawe tunayo. Yako Unguja na yako hapa kwetu.

Kule Unguja, Mkunazini, limesimama Kanisa Kuu la Kristo. Mahali lilipo palikuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Ibada ya kwanza ndani yake ilifanywa miaka michache baadaye. Masimulizi yasema kwamba madhabahu imesimama pale palipokuwa mti waliofungwa watumwa na kuchapwa viboko. Askofu Edward Steere, aliyelijenga, alifariki 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu hiyo.

Ni Askofu Steere huyo huyo aliyeondoka Unguja mwaka 1876 pamoja na watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Walishuka Lindi wakapanda bara kwa miguu. Nia yao ilikuwa kurudi kwao, upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa wakiwa watoto. Walipofika chini ya milima ya mawe ya Masasi wakaona ardhi ni njema na maji yapo, wakasema hapa patatosha. Wakagawana mashamba, wakajenga, wakasali. Hiyo ndiyo asili ya Kanisa katika Masasi. Halikuanza na wakuu wala matajiri. Lilianza na watu waliowahi kutiwa bei sokoni.

Mwaka 1882 wakavamiwa na Magwangwara, nyumba zikachomwa, baadhi wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Misheni ikahamia Newala kwa muda, baadaye ikarudi. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kukombolewa, akapewa daraja la upadre, akawa padre wa kwanza Mwafrika katika misheni yetu ya UMCA. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ikachomwa tena. Na bado Kanisa lipo. Mimi na wewe tumebatizwa ndani yake.

Hayo yote yameandikwa vitabuni, na mtu akitaka aweza kuyasoma. Lakini nitawauliza jambo ambalo halimo vitabuni. Katika wale hamsini na zaidi waliotembea kutoka Lindi, wanawake waliitwa nani? Walibeba nini kichwani? Nani alikuwa mjamzito? Nani alilia walipoamua kutoendelea mpaka Nyasa, kwa kuwa mama yake huenda alikuwa bado hai huko? Mambo ya namna hiyo hukaa midomoni mwa wajukuu. Yakitoka midomoni bila kuingia katika sikio la mtu, hayaonekani tena.

Nilipokuwa nafundisha katika chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo zoezi moja kila likizo. Niliwaambia: nendeni nyumbani mkaandike jina la mama, la mama yake mama, na la mama yake bibi huyo, na kwa kila mmoja habari moja tu ya maisha yake. Nilichagua upande wa mama kwa sababu sisi Wamakua, Wayao na Wamakonde ukoo wetu huhesabiwa huko. Wengi walirudi na jina la kwanza na la pili. La tatu liliwashinda, ijapokuwa wangeweza kunitajia wafalme wa Yuda kwa kufuatana. Msichana mmoja alichora visanduku vitatu. Viwili alivijaza. Cha tatu alikiacha kitupu, akaandika chini yake kwa herufi ndogo: "Bibi amesema hapa tupaache."

Miaka mingi baadaye mama mmoja mzee, si wa ukoo wa msichana yule, alinieleza sababu ya visanduku vitupu vya namna ile. Alisema, "Mwalimu, bibi wa bibi yangu alichukuliwa akiwa mtoto mdogo. Jina alilokuja nalo hapa ni lile alilopewa na waliomnunua. La mama yake alilisahau. Sasa sisi tungewaambia watoto nini? Tuliona heri kunyamaza."

Ndugu zangu, tusiuhukumu ukimya huo. Ulitoka katika upendo. Wazee walinyamaza ili watoto wasichekwe. Mpaka leo wapo watu wanaogombana juu ya mpaka wa shamba au juu ya posa, na katika hasira mmoja akamrushia mwenzake neno "mtumwa" kama mtu arushavyo jiwe. Mzee aliyewahi kupigwa na jiwe hilo anajua kwa nini anafunga mdomo. Lakini mbele ya Neno la Mungu yatupasa kuuliza: je, habari hii ni ya kuaibikiwa?

Somo letu la pili ni la sikukuu ya mavuno. Mwisraeli anakuja na kapu la malimbuko, kama sisi tunavyoleta korosho, ufuta na mtama. Kuhani analipokea kapu na kuliweka mbele ya madhabahu. Lakini sadaka haijakamilika. Yule mkulima lazima afungue kinywa na kusimulia. Asimulie nini? Kwamba baba yake alikuwa Mwarami mwenye kutangatanga; kwamba walishuka Misri wakiwa wachache; kwamba Wamisri waliwatesa na kuwatumikisha; kwamba walimlilia Bwana naye akawatoa. Mtu amesimama katika shamba lake mwenyewe, ameshiba, ana watoto, na Mungu anamwagiza kila mwaka aseme mbele ya watu: sisi tulikuwa watumwa. Taifa lile halikuruhusiwa kulisahau jambo hilo. Mara kwa mara katika Torati, anapoamriwa kumhurumia mgeni, au kumwachia mtumwa wake huru, Mwisraeli anakumbushwa kwamba naye alikuwa mtumwa Misri. Angalisahau, angalikuwa Farao mwingine.

Basi utumwa wa baba zao haukuwa doa la kufichwa. Ulikuwa nusu ya ushuhuda. Nusu ya pili ni kwamba Bwana aliwatoa. Ukiificha nusu ya kwanza, ya pili haina maana, kwa kuwa mtu asiyekuwa katika kifungo hana cha kushukuru kwa kufunguliwa.

Tazameni tena Mathayo sura ya kwanza, yale majina mengi ambayo wengi wetu huyaruka. Mathayo anaandika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo. Kama angalitaka kuupamba, angaliacha mengi. Lakini amemwandika Tamari, ambaye habari zake Yuda aliona haya. Amemwandika Rahabu wa Yeriko. Amemwandika Ruthu, mgeni kutoka Moabu. Amemwandika yule aliyekuwa mke wa Uria, ili dhambi ya mfalme Daudi isisahaulike hata katika orodha ya wafalme. Mwana wa Mungu hakuona haya kuzaliwa katika ukoo wa namna hiyo wenye visanduku vyote vimejazwa.

Na katika Mwanzo sura ya 16 twamkuta Hajiri, mjakazi, amekimbia mateso ya bibi yake, ameketi jangwani kando ya chemchemi. Huyo ndiye mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina. Alimwita Mungu aonaye. Si Ibrahimu aliyesema hivyo, si Nuhu. Ni mwanamke mtumwa, mjamzito, hana kwao. Na maneno yake yamehifadhiwa kwa sababu mtu aliyasikia, akayasimulia, na hatimaye yakaandikwa. Nani ajuaye bibi zetu waliopita njia ile ya misafara walimwita Mungu jina gani usiku walipolala wamefungwa? Walionusurika walilijua. Huenda waliwaambia binti zao.

Wako waliolitambua jambo hili mapema. Edward Steere, kabla hajawa askofu, aliketi na wasimulizi wa Unguja akaandika hadithi walizomsimulia kwa maneno yao ya Kiswahili, akazipiga chapa mwaka 1870. Shule ya misheni ya Kiungani ilikuwa na wavulana waliokombolewa kutoka majahazini, wa makabila mbalimbali ya bara, na mwalimu wao Arthur Madan aliwataka waandike wenyewe habari za maisha yao: kwao kulikuwaje, walitekwaje, waliuzwa mara ngapi. Kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1887. Nako Kenya, James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa watumwa waliokombolewa na kukaa Frere Town karibu na Mombasa, aliandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kikatoka mwaka 1934. Mtoto alimsikiliza baba, akashika kalamu. Fikirini basi: wasomaji wa Uingereza walisoma habari za wale watoto wa Kiungani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na wajukuu wa wenzao hapa kwetu wameambiwa tupaache.

Lakini kusimulia si kutangaza. Sisemi mtu asimame kanisani na kusema ukoo wa fulani ulitoka utumwani. Huo utakuwa usengenyaji uliovaa kanzu. Habari ya ukoo ni mali ya ukoo. Mwenye haki ya kuitoa ni mzee wao, kwa hiari yake, kwa mtoto wake au mjukuu wake, na kwa wengine akipenda. Akisema hapa tupaache, tupaache, tumwombee, na tumwachie mlango wazi. Mara nyingi mzee huyo anangoja kuona kama anayemwuliza atamcheka au atamheshimu. Kwa hiyo kabla hatujawataka wazee waseme, sisi wenyewe yatupasa kulitoa lile neno la matusi katika vinywa vyetu na vya watoto wetu. Kanisa lililozaliwa na watu wale haliwezi kuvumilia uzao wao utukanwe ndani yake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, watuambia kwamba Mungu haoni haya kuitwa Mungu wao wale waliokuwa wageni na wasafiri duniani. Ikiwa Yeye haoni haya, mimi ni nani?

Jambo la pili ni wakati. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwatuma wanafunzi wa historia vijijini kusini wakawaulize wazee juu ya vita vya Maji Maji. Vita ile ilianza 1905. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa vita alikuwa sasa amepita themanini. Wanafunzi wale waliwakuta wazee wakiwa hai, wakaandika, na leo hatutegemei tena taarifa za Wajerumani peke yao kujua kwa nini watu wa Matumbi waling'oa pamba. Kama chuo kingalingoja miaka ishirini zaidi, nani angalikuwepo wa kuulizwa?

Hesabu hiyo hiyo yatuhusu sisi. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ya Uhuru, 1961, sasa amepita sabini. Waliofanya kazi katika mpango wa karanga wa Nachingwea, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ni wachache mno. Reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa, na vijana wanaopita juu ya tuta lake hawajui ni tuta la nini. Wako akina mama waliovuka Ruvuma na watoto mgongoni wakikimbia vita vya Msumbiji vilivyoanza 1964. Wako waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, wakaacha nyuma nyumba, miembe na makaburi. Leo mahame yale yameota msitu. Anayejua kaburi la babu yenu liko chini ya mwembe upi ni mtu aliyehama akiwa mkubwa wa kutosha kukumbuka. Huyo naye umri umekwenda. Mtu huyo huenda yumo nyumbani mwako, amekaa barazani, na kila mtu anapita na simu mkononi akisema "Shikamoo" bila kusimama kuitikiwa.

Sasa tufanye nini? Mwalimu hawezi kumaliza somo bila kazi ya nyumbani, nanyi mtanivumilia.

Kwanza, enda mwenyewe, ukakae chini. Usimtumie mtoto na karatasi ya maswali kama mtu wa kodi. Amkia, uliza hali, saidia kuchambua mboga au kubangua korosho. Mzee hufunguka mikono ikiwa na kazi.

Pili, uliza jambo moja. Ukisema "Bibi, nisimulie maisha yako," atakuambia hakuna la maana. Ukiuliza "Bibi, siku mlipohama kule, mlipika nini jioni ya kwanza?" utakaa mpaka usiku. Na usimwulize mwaka. Mwulize ilikuwa kabla au baada ya nini: kabla ya Askofu fulani kuja, baada ya jando la mjomba fulani, wakati wa njaa gani. Mwaka utautafuta mwenyewe katika daftari la ubatizo.

Tatu, mwulize alisikia kwa nani. Aliyoyaona kwa macho yake ni jambo moja, aliyosimuliwa na mama yake ni jingine. Yote ni mema, lakini uyaandike mbalimbali. Mtakatifu Luka alifanya hivyo: mwanzoni mwa Injili yake asema aliyapata mambo kwa wale walioyaona tangu mwanzo. Na wengi katika Kanisa wameamini kwamba habari za kuzaliwa kwa Bwana alizipata kwa Mariamu, ambaye kama Injili isemavyo aliyaweka mambo hayo moyoni mwake. Mtu alikwenda kwa mama mzee akamwuliza, ndiyo maana tuna Krismasi ya hori na wachungaji wa kondeni.

Nne, wazee wawili wakisimulia jambo moja kwa njia mbili, andika zote mbili. Juu ya vita vya 1905 waliokuwa na misheni watasimulia hivi, na waliokunywa maji watasimulia vingine, na wajukuu wa wote wawili wanapokea Komunyo kwenye kizuizi kimoja. Usiwapatanishe kwa kalamu yako. Kanisa lilipewa Injili nne, wala halikuzikoroga ziwe moja.

Tano, andika kwa lugha aliyosemea. Kama amesema kwa Kimakua au Kiyao, andika hivyo kwanza, Kiswahili kitafuata. Ukitumia simu kunasa sauti, mwombe ruhusa kabla, na usiiache katika simu peke yake. Simu huanguka kisimani. Weka nakala nyingine mahali pengine, na uandike daftarini nani alisema, wapi, na tarehe gani. Na kama akisema jambo hili lisitoke nje ya nyumba, lisitoke. Mambo ya jandoni na unyagoni yabaki kwa wenyewe.

Sita, Kanisa nalo lina wajibu. Madaftari yetu ya ubatizo, ndoa na maziko ni mawe ya Gilgali ya mtaa huu, na mchwa hawajui kusoma. Yafaa yawekwe katika sanduku la bati, juu ya sakafu. Umoja wa Akina Mama na vijana wakikubaliana, kila kigango chaweza kuchagua wazee wanne tu kwa mwaka na kuwatembelea kwa zamu. Wanne ni wachache, lakini kwa miaka mitano ni ishirini, na ishirini ni kitabu.

Nanyi wazee wenzangu, nina neno kwenu. Tumezoea kulalamika kwamba vijana hawaulizi. Lakini Zaburi ya 78 haisemi tungoje kuulizwa. Yasema mambo tuliyoyasikia kwa baba zetu tusiwafiche wana wao, ili kizazi kijacho kiyajue, nacho kiwaambie watoto watakaozaliwa. Basi anza wewe. Chagua mjukuu mmoja, yule mwenye masikio. Mwite jina. Mwambie unaitwa hivyo kwa sababu ya nani. Na kama katika ukoo wenu kuna mahali panapouma, na moyo wako wakuruhusu, mpeleke mpaka hapo, umshike mkono, na umwonyeshe pia mahali Bwana alipowatoa. Usimwachie kisanduku kitupu akijaze kwa uvumi wa watu.

Kila tunapokaribia meza ya Bwana twafanya jambo hili hili. Padre hutwaa mkate na kusimulia yaliyotendeka usiku ule Bwana aliposalitiwa. Hata usaliti haukuachwa nje. Umo ndani ya Misa, na husemwa kila Jumapili. Mitume waliyapokea kwa Bwana, wakawapa wengine, nao wengine, kinywa kwa kinywa, mpaka yakatufikia sisi chini ya milima hii. Kama mmoja katika mnyororo ule angalisema hapa tupaache, tungalikuwa wapi?

Tuombe.

Ee Mungu uonaye, uliyemwona Hajiri jangwani na wazazi wetu katika njia ya utumwa: wape wazee wetu ujasiri wa kusema na amani wanaponyamaza, wape watoto wetu masikio na heshima, utusamehe maneno tuliyowarushia wenzetu, uyahifadhi majina tusiyoyajua katika kitabu chako cha uzima, na utujalie siku moja tuwaone uso kwa uso hao waliotangulia, na kuisikia habari yao yote kutoka vinywani mwao wenyewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.